Geti Lisilo na Stopa Halina Utetezi

Hoja hizi mmezisikia. Zimesemwa barazani Kotile, zimerudiwa kwenye karakana za kuchomelea vyuma Masalani na Garissa mjini, na huibuka upya kila mtu anapouliza kwa nini mageti ya nyumba zetu yanaundwa bila mtoto wa miaka minne kufikiriwa hata kidogo. Wanaozitoa si watu wabaya. Wengi ni wazazi, wana mbuzi uani na paka mlangoni. Lakini wema wa msemaji haumaanishi kwamba hoja yake ni sahihi. Nimewasikiliza hadi mwisho, na sasa naleta maneno yao mbele yenu myapime kama mahakimu.

Nianze na hoja wanayoipenda kuliko zote: kwamba geti zito ndilo geti salama. Chuma kinene hakipindi, wanasema, mwizi hakisukumi, fisi hakipenyi. Kuhusu mwizi na fisi nakubaliana nao. Ila wametaja hatari zinazotoka nje tu, na uzito wa geti unawakabili walio ndani. Pigeni hesabu. Bati la chuma lenye unene wa milimita 1.5 lina uzito wa karibu kilo 12 kwa kila mita ya mraba. Geti la kuteleza lenye urefu wa mita 4 na kimo cha mita 2.4 lina mita za mraba 9.6, kwa hiyo bati peke yake linafika kilo 113. Ongezeni fremu ya mabomba ya mraba na vyuma vya kukaza katikati, mtakaribia kilo 175. Hayo ni magunia matatu na nusu ya saruji, yamesimamishwa wima juu ya magurudumu mawili.

Magurudumu hayo hubeba geti, hayalizuii kulala ubavu. Kinacholizuia ni rola ndogo zilizofungwa juu ya nguzo, ambazo geti hupita katikati yake. Geti likisukumwa kupita kiasi, ukingo wake unatoka kwenye rola, na kuanzia hapo hakuna kinacholishika. Mtoto aliyekuwa akilisukuma yuko palepale, viganja vyake vikiwa juu ya bati. Dawa yake ni stopa: kipande cha chuma cha engo kilichochomelewa mwishoni mwa reli, na kingine kwenye fremu juu, ili geti ligonge na kusimama kabla halijaachana na rola. Inameni mtazame mwisho wa reli katika nyumba mnazozijua. Mara nyingi mtakuta jiwe. Jiwe hilo liliwekwa na mtu aliyejua kabisa kwamba geti linaweza kupitiliza, na kesho litaokotwa na watoto wawekee alama goli lao.

Zingatieni pia kwamba anayesema geti zito halianguki ndiye huyohuyo anayewafokea watoto wasibembee kwenye geti lisije likawaangukia. Ama haliwezi kuanguka, na watoto waachwe wabembee, ama linaweza, na uzito haukuwa usalama hata siku moja.

Hoja inayofuata ina heshima kubwa kwetu, nami nitaijibu kwa adabu. Wanasema ajali ni kadari. Lililoandikwa litakuwa, hata ukichomelea stopa mia. Sibishani na kadari. Nabishana na matumizi yake ya kuchagua. Hakuna mzee wa Kotile anayeacha zizi wazi usiku kwa madai kwamba fisi ameandikwa. Jua likizama, mwiba wa mlangoni unavutwa, na kijana aliyesahau huulizwa kwa ukali. Hadithi iliyopokelewa na Tirmidhi, ya yule aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, inajulikana na kila mfugaji hapa, na jibu lake linajulikana: afunge kwanza, kisha atawakali. Kama kufunga ngamia hakupingani na kadari, basi kuchomelea stopa hakupingani nayo pia. Anayeikumbuka hadithi hiyo zizini na kuisahau getini anatuonyesha anachokithamini zaidi, na natamani ajiulize kama kweli ndicho anachotaka kuonyesha.

Tena hoja hii haidumu hata dakika tano. Mara tu msiba unapotokea, walioanza na kadari hugeuka na kuuliza mama mtoto alikuwa wapi. Hapo tayari ni hoja nyingine, na hizi mbili haziwezi kukaa nyumba moja. Kama mama ana lawama, basi kulikuwa na jambo la kufanywa ambalo halikufanywa, na ajali ilizuilika. Kama haikuzuilika, mama hana lawama. Wachague moja. Mimi naona wanazitumia zote mbili kwa sababu zote mbili humwokoa mtu mmoja: aliyelipia geti na kukubali kulipokea bila stopa.

Hebu niitendee haki hoja ya malezi ikiwa peke yake. Mzazi ndiye mlinzi wa kwanza wa mtoto, na mtoto afundishwe kutochezea geti. Naam, afundishwe. Lakini mwenye umri wa miaka mitatu husahau, na anayekumbuka hutumwa dukani na watu wazima walewale waliomkataza kulishika geti. Sheria ya Kenya ililiona hilo zamani. Sheria ya Dhima ya Wakaaji wa Majengo, Sura ya 34, katika kifungu chake cha 3, inamtaka mwenye makao awe tayari kwa ukweli kwamba watoto huwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Mtoto wa jirani aliyekuja kuomba kiberiti kwako ni mgeni wako, na usalama wake ukiwa ndani ya ua wako ni juu yako. Kwa hiyo wanaosema tungoje serikali ilete kanuni za mageti wanangoja kitu ambacho kiini chake kipo tayari vitabuni. Sheria haikutaja stopa kwa jina, lakini imetaja mtoto na imetaja asili yake.

Kuna wanaosema fundi akishamaliza, amemaliza. Chuma hakiozi kama mti, geti likisimama vizuri siku ya kwanza litasimama hivyo miaka kumi. Pengine kwenye mwamba. Kotile iko kando ya Mto Tana, na udongo mfinyanzi wa bonde hili hautulii. Ukilowa huvimba, ukikauka hupasuka nyufa zinazomeza kidole. Nguzo iliyochimbiwa nusu mita tu hutembea na udongo huo msimu baada ya msimu. Halafu kuna maji yenyewe. Mafuriko ya El Niño ya mwishoni mwa 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yalipiga Garissa na Tana River, na maji yanayoingia uani hulegeza misingi ya nguzo na kujaza reli tope na mchanga. Tope likikauka ndani ya reli, gurudumu hupanda juu yake, na siku moja huteremkia upande usio wake.

Geti la kufunguka kwa bawaba nalo lina ugonjwa wake. Nguzo ikiinama kidogo, mzigo wote huvutwa na bawaba ya juu, na mchomeleo wake huanza kuchanika polepole chini ya rangi. Dalili zake hazihitaji fundi. Tazameni ardhi: kuna mstari wa nusu duara uliochimbwa na ncha ya geti? Tazameni bawaba: kuna uzi mwembamba wa kutu unaochuruzika mahali chuma kilipounganishwa? Kisha lifungueni nusu mliachie. Likianza kutembea lenyewe, nguzo imeshainama. Geti la namna hiyo halimngoji mtoto aliguse. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukilipiga ubavu geti la bati lenye upana wa mita 2 na kimo cha mita 2.4, hulisukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 30. Nguvu hiyo inatosha kabisa kukata kidole kilichowekwa upande wa bawaba, ambako ndiko watoto hupenda kusimama wakichungulia nje. Ndoana ya kulishika geti likiwa wazi, na nyingine likiwa limefungwa, ingelimaliza suala hilo. Mageti mengi yana kufuli kubwa na hayana ndoana.

Wakishindwa kwa watoto, huhamia kwa mifugo. Mnyama ana akili, wanasema, akisikia geti linakuja hukwepa. Mbuzi mzima hukwepa, ni kweli. Mwanambuzi wa wiki mbili hamwangalii mtu wala geti. Anamfuata mama yake, na mama akishapita, mtoto huingia kwenye mwanya uleule unaofungwa. Paka naye, saa sita mchana joto la Garissa linapopita nyuzi 35, hutafuta kivuli chembamba kilicho chini ya geti na kulala juu ya reli. Asiyetazama chini kabla ya kusukuma atakuta ameshambana. Kama kuna anayeona paka ni jambo dogo, akumbuke ile hadithi iliyomo katika Bukhari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Hatukuambiwa kwamba uhai wa paka haumo kwenye hesabu.

Wanaongeza kwamba geti la chuma limekomesha fisi, na ua wa miiba ulikuwa ujinga wa zamani. Hapa ushahidi upo, na hauwasaidii. Mwaka 2007 Rosie Woodroffe na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mifugo na wanyama wakali katika malisho ya jamii nchini Kenya. Waligundua kwamba usiku, maboma yaliyokuwa na hatari ndogo zaidi ya kushambuliwa yalikuwa yale yenye kuta nene zilizoshikana, yenye milango michache, na yenye watu na mbwa waliolala hapo. Rudieni maneno hayo: milango michache. Kila mlango ni udhaifu katika ukuta, uwe wa chuma au wa miiba. Geti la kifahari lenye mwanya wa kiganja kizima chini yake, ulioachwa ili lisikwaruze ardhi, ndipo fisi huanza kuchimba, na ndipo mwanambuzi hukwama shingo. Kizingiti cha zege chini ya geti huondoa matatizo yote mawili kwa pigo moja. Na pale geti linapokuwa la nondo, nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 10, kipimo kinachotumika sana duniani kwenye vizuizi vya ngazi na roshani ili mwili wa mtoto mdogo usipenye.

Hoja ya sitara siipuuzi, maana ni ya kweli. Familia ina haki ya kutotazamwa na wapita njia, na ndiyo sababu geti likawa bati tupu kuanzia juu hadi chini. Tatizo ni kwamba bati linalomzuia mpita njia kuona ndani humzuia pia dereva kuona nje. Anayetoka kinyumenyume na Land Cruiser hamwoni mtoto aliyechuchumaa nyuma ya geti akichora mchangani, na mtoto hamwoni yeye. Tena katika nyumba nyingi mlango mdogo wa kupitia watu umekatwa ndani ya geti lenyewe, kwa hiyo kila mtoto anayekwenda madrasa lazima apite kwenye mlango wa gari. Sitara haidai hilo. Ukutani, mita chache kando, pana nafasi ya mlango wa watu unaojitegemea, wa bati kama geti, usioonyesha ndani, na unaowaondoa watoto kabisa kwenye njia ya gari. Na gari likitoka, mtu mzima asimame nje kwanza. Aliyeweza kushuka kufungua geti anaweza kusimama hapo nusu dakika zaidi.

Sasa mageti ya mota. Hapa hoja zao ni mbili na zinapigana zenyewe kwa zenyewe: kwamba hayo ni mambo ya Nairobi, yasituhusu, na kwamba mota za siku hizi zina akili, zikimgusa mtu husimama. Kama hayatuhusu, kwa nini wanatusifia akili zake? Yanatuhusu. Yapo Garissa mjini, na umeme wa jua unayaleta hata mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika.

Kuhusu akili, tuwaangalie waliotutangulia. Nchini Marekani, ambako gari hulala ndani ya gereji iliyounganishwa na nyumba, watoto waliendelea kufa chini ya milango ya umeme hadi Bunge lilipoingilia kati mwaka 1990. Sheria iliagiza kwamba kila mashine ya kufungulia milango ya gereji za nyumbani iliyotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993 iwe na kinga ya kutombana mtu. Kipimo chake ni rahisi hata kwetu: laza ubao wenye unene wa milimita 38 sakafuni chini ya mlango, ufunge, na mlango ukigusa ubao lazima urudi juu ndani ya sekunde 2. Hivyo akili hiyo haikuzaliwa na mota. Ililazimishwa na sheria baada ya makaburi. Na nchini Uingereza, mwaka 2010, wasichana wawili wa miaka 5 na 6, mmoja Bridgend na mwingine Manchester, waliuawa na mageti ya umeme katika muda usiozidi wiki moja. Mageti hayo hayakuundwa na mtoto wa mtaani. Yalikuwa kazi ya kampuni, na mwaka 2014 mahakama ilizitoza faini kampuni mbili kuhusiana na kifo cha Bridgend. Kiwango cha Ulaya kinataka geti la mota, pale linapoweza kumbana mtu, lisisukume kwa zaidi ya nyutoni 400, tena kwa chini ya sekunde moja. Nguvu hiyo hurekebishwa kwa kitasa kidogo ndani ya mota, na fundi anayelalamikiwa kwamba geti linakwama kwenye mchanga hukizungusha kuelekea juu. Mwenye nyumba hufurahi kwamba geti sasa halikwami, na haulizi nguvu hiyo imetoka wapi.

Yapo pia macho ya mwanga yanayotakiwa kusimamisha geti kitu kikipita. Huko Marekani macho ya mlango wa gereji hayaruhusiwi kuzidi sentimita 15 kutoka sakafuni. Yakipandishwa hadi sentimita 60 ili yasijae vumbi, yanamwona baba na yanamkosa mtoto anayetambaa, paka, na mwanambuzi, yaani wote waliowekewa macho hayo. Na vumbi la kiangazi cha Kotile likiyafunika kila siku, njia ya mkato inayojulikana ni kuyaunganisha waya ili mota idhani njia ni nyeupe daima. Mwenye geti la mota afute macho hayo kwa kitambaa, apitishe boksi tupu la katoni mbele ya geti linalofunga, na aone kwa macho yake kama linasimama. Kitufe cha ukutani kikae mita 1.5 juu, na rimoti isiwe ya kuchezewa. Kila mtu mzima nyumbani, hata mama mkwe aliyekuja kutembea, ajue ufunguo wa kuiachanisha mota na geti unakaa wapi.

Juu ya gharama sitasema mengi. Wanadai usalama ni wa matajiri. Tazameni mageti yao: maua ya chuma, rangi ya dhahabu, safu ya ncha za mikuki juu. Kila ua lilikatwa, likachomelewa, likalipiwa. Stopa ni kipande kimoja cha engo kinachobaki karakanani baada ya kazi.

Imebaki hoja ya mwisho, ambayo huniuma kuliko nyingine kwa sababu inatudharau wenyewe: kwamba sisi ni wafugaji, mambo ya kukagua uzio na mageti ni ya watu wa mjini. Inasemwa Kotile, mahali pasipofaa kabisa kuisemea. Jamii za Kotile, Hara na Korisa ndizo zilizotenga ardhi yao kwa hifadhi ya Ishaqbini kwa ajili ya hirola, swala ambaye makazi yake ya asili ni mpaka huu wa Kenya na Somalia pekee. Mwaka 2012 hirola 48 waliingizwa ndani ya uzio wa kuzuia simba, duma na fisi, wenye eneo la zaidi ya hekta 2,000. Uzio huo haukuachwa ujilinde. Vijana wetu wanaupiga doria, wanatafuta palipochimbwa, palipolegea, palipoangukiwa na mti, na wanapaziba kabla usiku haujaingia. Kazi hiyo wanaifanya watu wa hapa, kwa macho na miguu yao, na hirola wamezaana humo ndani kwa sababu yake.

Mzunguko wa uzio huo ni kilomita nyingi. Geti la nyumbani ni mita nne. Anayesema watu wa Kotile hawawezi kulikagua mara moja kwa mwezi, reli, rola, bawaba, nguzo na stopa, atueleze kwanza wale wanaopita kila siku kwenye uzio wa Ishaqbini ni watu wa wapi.